Ndege wa Picha ya Chenga

Kwenye vyumba vya habari kuna swali ambalo kila mwandishi chipukizi hulizoea upesi: "Picha iko wapi?" Unaweza ukasimulia ulichokiona mpaka koo likauke, ukataja saa na mahali, mhariri atakusikiliza kwa adabu zote kisha atakuuliza tena lile lile. Na ukimletea picha ya chenga, ile ambayo hujui kama ni mtu au gunia la mkaa, ndiyo kabisa. Sasa unao ushahidi, lakini ushahidi wa nini?

Leo nataka kuwasimulia habari za watu ambao wameishi na swali hilo kwa zaidi ya miaka 100: wataalamu wa ndege. Msicheke jamani. Habari yao ina ukoloni ndani yake, ina vita, ina mamilioni ya dola, na mwisho wake unatuhusu sisi tunaotembea na kamera mfukoni kila siku.

Kwanza tuelewane ugumu uko wapi. Tanzania na Kenya, kila nchi ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Humo wamo kunguru na mwewe ambao hata mtoto wa chekechea anawajua. Lakini wamo pia akina shore wa msituni, ndege wa rangi ya kijani kilichofifia, ambao hata ukimshika mkononi unabaki unakuna kichwa. Sasa mpige picha huyo akiwa juu ya mti, saa kumi na mbili asubuhi, kuna ukungu, na mbele yake kuna majani. Mwanga wa msituni unapita kwenye majani kwanza, kwa hiyo kila kitu kinatoka na ukijani. Ndege wa kahawia anageuka mweusi. Kamera nayo inachagua kunasa jani vizuri na kumwacha ndege nyuma kama doa. Halafu picha haina rula: ndege mdogo aliye karibu anaweza kuonekana mkubwa kuliko tai aliye mbali.

Ndiyo maana wazoefu wa kazi hii hawaanzi na rangi. Wanaanza na umbo. Mdomo una urefu gani ukilinganisha na kichwa? Mkia unazidi mabawa kwa kiasi gani? Amekaa wima kama askari au amelala kifudifudi juu ya tawi? Picha imepigwa wapi, mwezi gani, urefu gani kutoka usawa wa bahari? Wakishapunguza orodha kutoka aina 1,000 hadi tatu au nne, hapo ndipo rangi inaitwa kutoa ushahidi. Inaitwa mwisho kwa sababu ndiyo shahidi mwepesi zaidi kuhongwa. Kivuli kidogo tu, tayari imebadilisha maelezo.

Zamani hapakuwa na usumbufu wote huo. Ulimwona ndege usiyemjua, ukampiga risasi. Ngozi yake ilikaushwa, ikajazwa pamba, ikafungwa kikaratasi mguuni chenye tarehe na mahali, ikapelekwa makumbusho. Pale Amani, milima ya Usambara, Mwingereza Reginald Moreau alifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 1928. Aliyekuwa akiingia msituni kumtafutia ndege hao, na aliyewajua kwa sauti na kwa tabia, alikuwa Salimu Asumani. Mwaka 1931, W. L. Sclater wa Uingereza alitangaza rasmi kandege kamoja chenye mdomo mrefu kutoka misitu hiyo, akampa jina la Moreau. Ndege aliishi Usambara, lakini ushahidi kwamba yupo ulilazwa kwenye droo, mbali kabisa na Usambara. Liweke hilo kichwani, tutalirudia.

Kamera nayo iliingia mapema kuliko wengi tunavyodhani. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka kaskazini ya nchi hii na mitambo mizito ya picha, akipiga wanyama usiku kwa mwanga wa baruti. Wakati mwingine alitega kamba ili mnyama ajipige picha mwenyewe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905 na kikavuma sana Ulaya. Jina lake linataja vitu viwili pamoja: mwanga wa kamera na bunduki. Na kweli, kwa miongo mingi iliyofuata kamera haikuchukua nafasi ya bunduki. Ilipata sifa, lakini kwenye kesi za aina mpya mahakama ya wanasayansi ilitaka mwili.

Kesi iliyotikisa mahakama hiyo ilitokea kwa jirani zetu. Agosti 1988, kwenye eneo la hospitali ya mji wa Bulo Burti, Somalia, alionekana ndege wa jamaa ya tiva asiyefanana na tiva yeyote aliyejulikana. Akanaswa mwaka 1989. Kwa kawaida hapo ndipo safari yake ingekwisha. Lakini alikuwa mmoja tu, na hakuna aliyejua kama wamebaki wengine. Wanasayansi wakaamua wasimuue. Wakampiga picha, wakachukua damu na manyoya yake kwa ajili ya vinasaba, wakakaa naye zaidi ya mwaka mmoja, kisha wakamwachia mwaka 1990 katika hifadhi ya Balcad, kwa sababu kule alikotoka hali ilikuwa imeharibika. Mwaka 1991, mwaka ule ule serikali ya Somalia ilipoanguka, wakamtangaza rasmi kwa jina la Laniarius liberatus, yaani tiva aliyeachiwa huru.

Mabishano yakazuka. Wapo waliosema huo ni ustaarabu mpya, kwamba sayansi imeacha kuua. Wapo waliosema huo si ushahidi, kwamba kesho mtu ataleta picha ya kuku aliyepakwa rangi. Wakabishana hivyo kwa miaka. Mwaka 2008 watafiti wakavirudia vinasaba vile kwa njia za kisasa zaidi, na jibu likawa kwamba tiva wa Bulo Burti hakuwa aina mpya. Alikuwa tiva wa Somalia aliyejulikana tangu zamani, isipokuwa alivaa rangi tofauti, kama ilivyo kwa paka wa tumbo moja kuzaliwa wengine weusi na wengine wa madoa.

Naona watu wengi wakiisoma habari hii wanacheka, kwamba picha iliwadanganya. Mimi naisoma vingine. Picha zile zilikuwa safi kabisa, chenga hazikuwepo. Kilichowadanganya ni rangi, yule yule shahidi mwepesi kuhongwa. Na kilichowaumbua ni damu waliyoihifadhi kwa uangalifu ili mtu mwingine aje aikague. Kama wangemuua, tungekuwa na ngozi moja ya ajabu na labda ubishi ule ule. Walimwacha aende zake, na ukweli bado ukapatikana.

Kesi ya pili si ya tropiki moja kwa moja, ingawa ndege mwenyewe aliishi pia Cuba. Naileta kwa sababu ndiyo iliyowafundisha watu wa fani hii duniani kote kuiogopa picha ya chenga. Ni kigong'ota mkubwa mwenye mdomo wa rangi ya pembe za ndovu. Huko Marekani mara ya mwisho aliyokubalika na wote kuonekana ilikuwa mwaka 1944. Miaka 60 baadaye, Aprili 2004, David Luneau alikuwa kwenye mtumbwi katika vinamasi vya Arkansas, kamera ya video ikiwa imewashwa. Ndege mkubwa mweusi na mweupe akaruka kutoka nyuma ya mti, akatokomea. Sekunde kama nne tu, nje ya fokasi, kwa mbali.

Aprili 2005 dunia ikatangaziwa kwamba kigong'ota amepatikana. Habari ikatoka kwenye jarida la Science, mawaziri wakasimama mbele ya vipaza sauti, serikali ya Marekani ikaahidi dola milioni 10 na zaidi. Watu wazima walilia. Halafu mwaka 2006, kwenye jarida lile lile, kundi la wataalamu likiongozwa na David Sibley, mchoraji maarufu wa vitabu vya ndege, likasema: huyo ni kigong'ota wa kawaida, yule mwenye kishungi anayepatikana kila mahali.

Ubishi wote ulisimama juu ya weupe wa bawa. Ndege adimu ana weupe kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, juu na chini. Yule wa kawaida ana weupe upande wa chini, mbele, na ukingo wake wa nyuma ni mweusi. Kwenye video weupe unaonekana vizuri. Lakini ni weupe wa upande gani? Video ikiwa nje ya fokasi, weupe unavuja na kula weusi ulio jirani, na bawa linalopinda kila linapopiga linaonyesha upande wa chini wakati unadhani unatazama wa juu. Mwaka 2007 mtafiti mwingine, Martin Collinson, akatazama picha za video za vigong'ota wa kawaida wakiruka, akaonyesha kwamba zikifanywa za chenga vile vile nao wanafanana na huyo wa Arkansas. Picha bora haikupatikana mahali pale, pamoja na msako wa miaka.

Mpaka leo kesi haijafungwa. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilipendekeza ndege huyo atangazwe kuwa ametoweka. Mwaka 2023 walipotoa orodha ya mwisho ya viumbe 21 waliotoweka, jina lake likaachwa pembeni. Mwaka huo huo kundi jingine likachapisha picha za Louisiana zilizopigwa kwa droni na kamera za kutega. Mmekwisha kukisia: za chenga.

Somo ninalolipata hapo ni kwamba picha mbaya haisemi uongo. Inanyamaza. Sisi ndio tunaoijazia maneno, na tunayajaza kadiri tunavyotamani. Aliyemtafuta ndege fulani kwa miaka kumi, ukimwonyesha doa, atamwona ndege wake. Kwenye kazi yangu naona hali hiyo hiyo kila wakati wa uchaguzi.

Sasa twende Borneo, maana huko mambo yalikwenda vizuri. Miaka ya 1840, mtafiti Carl Schwaner alichukua ngozi moja ya ndege mdogo wa kahawia mwenye utepe mweusi unaopita jichoni. Mwaka 1850 Bonaparte, mpwa wa yule Napoleon mnayemjua, alimpa jina rasmi ambalo leo linasomeka Malacocincla perspicillata. Kikaratasi kikasema ametoka Java. Mwaka 1895 Johann Büttikofer akasema haiwezekani, Schwaner wakati huo alikuwa Borneo. Baada ya hapo, kimya. Ngozi moja kwenye makumbusho ya Leiden, Uholanzi, na hakuna binadamu mwingine anayeweza kusema amemwona akiwa hai.

Oktoba 2020, Muhammad Suranto na Muhammad Rizky Fauzan, wakazi wa Kalimantan ya Kusini ambao huingia msituni kutafuta mazao yake, walimnasa ndege wasiyemtambua. Wakampiga picha kwa simu, wakamwachia. Wangeweza kuishia hapo. Lakini wakazituma picha kwa vikundi vya wapenzi wa ndege vya huko huko Indonesia, na kijana Panji Gusti Akbar na wenzake wakaanza kufungua vitabu. Hakulingana na ndege yeyote wa Borneo. Isipokuwa yule mmoja wa Leiden, ambaye hapakuwa na picha yake hata moja akiwa hai.

Na hapo kukawa na kikwazo. Ngozi ya Leiden ina macho ya manjano. Ndege wa kwenye simu ana macho mekundu. Wakati wa Arkansas watu waliona wanachokitaka. Safari hii watu walisimama wakauliza. Jibu likawa kwamba macho ya ngozi yale ni ya bandia. Aliyeijaza pamba hakuwahi kumwona ndege akiwa hai, akaweka rangi aliyoikisia. Rangi ya mdomo na miguu nayo ilikuwa imebadilika kwa kukaa muda mrefu. Kwa hiyo kwenye kesi hii shahidi wa uongo alikuwa makumbusho, na aliyesema kweli alikuwa simu ya mkononi. Habari ikachapishwa Februari 2021, na miaka zaidi ya 170 ya ukimya ikaisha.

Mwaka huo huo wa 2021, mwezi Oktoba, ikaja zamu ya Afrika. Bundi wa Shelley ni bundi mkubwa kuliko wote wa misitu minene ya Afrika. Alitangazwa mwaka 1872 kutokana na ngozi iliyopatikana kwa mwindaji wa huko Ghana, na Ghana yenyewe haikuwa na taarifa ya uhakika ya kuonekana kwake tangu miaka ya 1870. Picha zilizokuwepo duniani zilikuwa za bundi mmoja nyuma ya nondo za bustani ya wanyama ya Antwerp mwaka 1975, tena hafifu, na doa moja lililopigwa Congo mwaka 2005 ambalo hata wenyewe hawakuwa na hakika nalo. Joseph Tobias na Robert Williams walikuwa katika msitu wa Atewa pale ndege mkubwa alipokurupuka mchana. Mwanzoni walidhani ni tai. Akatua kwenye tawi kwa sekunde kama 10 hadi 15. Picha si ya kutundika ukutani, lakini ina vitu vitatu: ukubwa, macho meusi, na mdomo wa manjano. Bundi mwingine mwenye vitu hivyo vitatu kwenye misitu hiyo hayupo. Kesi ikaisha.

Na picha ile haikuwa ya kujifurahisha. Chini ya Atewa kuna boksiti, na serikali ya Ghana ilikuwa na mpango wa kuichimba. Wanaharakati kwa miaka mingi wamedai msitu ule uwe hifadhi ya taifa. Kabla ya Oktoba 2021 hawakuweza kumtaja bundi huyo kwa uhakika. Sasa wanaweza. Sekunde 10 zimegeuka hoja mezani.

Lakini kuna kitu kinanikera kwenye habari hizi zote, na ndicho kilichonifanya niandike. Magazeti hupenda kusema ndege "amegunduliwa tena", "amerudi". Amerudi kutoka wapi? Mwaka 1991, milimani Udzungwa, wanasayansi kutoka Denmark waliona miguu miwili ya ajabu ikielea kwenye sufuria ya mchuzi kambini. Ndipo wakamfahamu kwale ambaye sayansi haikuwa na habari naye, akatangazwa mwaka 1994. Aliyempika alikuwa anamjua. Kisiwani Fergusson, Papua New Guinea, mwaka 2022 kamera ya kutega ilimnasa njiwa wa ardhini ambaye sayansi ilikuwa haina taarifa zake tangu 1882. Wenyeji wanamwita auwo. Mwindaji Augustin Gregory ndiye aliyewaambia watafiti wakatege wapi, na Doka Nason ndiye aliyeitega kamera iliyomnasa. Kitu chenye jina kwenye lugha ya watu hakijapotea.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali la mhariri ni hili. Picha haimtambui ndege. Anayemtambua ni mtu mwenye kitu cha kulinganishia. Kwa miaka 150 vitu vya kulinganishia vilikusanywa na akina Salimu Asumani, vikasafirishwa, vikafungiwa kwenye droo za London, Leiden na kwingineko. Yule wa hapa akabaki na kumbukumbu yake, ambayo haikuhesabiwa ushahidi. Vijana wa Indonesia walifanikiwa kwa sababu waliziba pengo hilo wao wenyewe: aliyeona, aliyepiga picha na aliyefungua vitabu walikuwa watu wa nchi moja wanaotumiana ujumbe.

Siku hizi kuna eBird iliyoanza mwaka 2002 na iNaturalist iliyoanza 2008, mahali ambapo mtu yeyote anapeleka alichokiona, na kuna programu zinazotaja jina la ndege ukizipa picha. Nzuri sana. Ila mashine nayo hujifunza kwa picha za ndege waliokwisha kutambuliwa na binadamu. Misitu isiyopigwa picha haitajulikana kwa mashine pia, na misitu hiyo mingi iko kwetu.

Basi ukimwona ndege usiyemjua, iwe Pugu, Kakamega au nyuma ya nyumba kwa shangazi, mpige picha hata ikitoka ya chenga. Piga na ya pili. Andika tarehe, mahali, alikuwa anafanya nini, ukubwa wake ukilinganisha na ndege unayemjua. Kama analia, rekodi sauti. Usiihariri picha ipendeze, utaharibu ushahidi. Halafu kabla hujaituma popote, muulize mzee wa eneo hilo anamwitaje, na jina hilo uliandike pamoja na hayo mengine.